MTO UKIFURIKA NJIANI: NGOJA, MAJI YATAPITA

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililojaa watu waliokuwa wakienda arusini lilifika ukingoni mwa mto Enziu, karibu na Mwingi katika nchi ya Ukambani. Mto huo, ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, siku hiyo ulikuwa umejaa maji ya rangi ya udongo, nayo yalikuwa yakipita kwa nguvu juu ya kivuko. Watu wengi walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi likaingia majini, likaenda kidogo, kisha likasukumwa na maji, likaanguka upande mbele ya macho ya watu wale. Wengine waliokolewa, lakini zaidi ya watu 30 walikufa, na watoto walikuwamo.

Hatuandiki habari hii ili kumlaumu mtu yeyote. Twaiandika kwa kuwa jambo lililotokea Enziu laweza kutokea katika mamia ya vivuko vya nchi hii kila msimu wa mvua, wakati wa masika na wakati wa vuli. Tena twaiandika kwa sababu dawa ya hatari hii si ghali, wala haihitaji elimu kubwa. Dawa yake ni kungoja. Lakini mtu hawezi kungoja kwa moyo mtulivu kama hafahamu kwa nini yafaa kungoja, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

Maji Hutoka Wapi?

Wasafiri wengi hudhani ya kwamba mahali pasipo mvua hapana hatari. Hilo ni kosa. Mvua ijazayo mto haikunyesha pale unapovuka. Imenyesha vilimani, pengine mwendo wa kilometa nyingi kutoka hapo. Wewe waweza kusimama katika jua kali, vumbi likiruka miguuni pako, na huku maji yako njiani yaja.

Katika nchi kavu ardhi hupigwa na jua hata ikawa ngumu kama sakafu. Mvua kubwa ikianguka ghafula, ardhi hiyo haiwezi kuyanywa maji yote upesi. Huteremka juu juu, kijito kwa kijito, mpaka yote yakutane katika mto mmoja. Na tuhesabu kidogo: mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya kilometa moja ya mraba, maji yake ni lita milioni 50. Hata kama nusu yake yameingia ardhini, yaliyobaki hayana mahali pengine pa kupita ila katika mto huo uliokuwa mkavu asubuhi.

Ndiyo sababu maji huja mara moja, kama ukuta, si kidogo kidogo. Katika korongo jembamba la Hell's Gate, karibu na Naivasha, maji ya namna hii yaliwaua watu mwezi wa Aprili 2012, na tena mwezi wa Septemba 2019. Walikuwa wakitembea kati ya kuta za mawe, wala hawakupata nafasi ya kupanda juu.

Lakini jambo lile lile lenye kuleta hatari ndilo lenye kuleta faraja. Mto wa msimu ujaao upesi hupungua upesi pia. Mvua ya vilimani ikiisha, maji nayo huisha, na mara nyingi ni kazi ya saa chache tu. Aliyengoja tangu saa tisa mchana huenda akavuka salama asubuhi yake, mchanga ukiwa umeonekana tena.

Nguvu Zisizoonekana

Sababu ya pili ya watu kupotea ni kudharau nguvu za maji. Mtu hutazama, akasema, "Maji haya hayafiki magotini." Hajui ya kwamba maji yaendayo mbio, yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 30, motakaa ndogo huanza kuelea. Yakifika sentimeta 60, motakaa nyingi huchukuliwa, hata zile kubwa ziitwazo imara.

Na basi je? Wengi huliamini basi kwa sababu ya uzito wake. Lakini fikiri: basi lenye urefu wa meta 10 na upana wa meta mbili na nusu, mwili wake ukizama nusu meta tu kabla maji hayajaingia ndani, maji hulisukuma juu kwa nguvu ya tani 12 na zaidi. Uzito wa basi la namna hiyo si mbali sana na kiasi hicho. Basi huwa jepesi, magurudumu yakaacha kushika chini, na hapo maji yanayopiga ubavu wake mrefu hulipeleka yapendavyo. Tena maji yakiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne.

Kuna na jambo la tatu. Maji ya matope huficha yaliyo chini yake. Kivuko cha saruji, ambacho madereva wengi hukiita drifti, huenda kimekwisha vunjwa na maji hayo hayo. Dereva hudhani anafuata barabara, kumbe barabara haipo tena.

Mambo ya Kufanya Ukingoni

Ukifika mtoni ukakuta maji yanapita juu ya njia, fanya mambo haya.

Kwanza, simama mbali, mahali palipoinuka. Usiegeshe motakaa mchangani, wala usilale mchangani, hata kama ni laini na mto ni mkavu. Wako watu waliolala katika mchanga wa mto usiku wa nyota, wakaamshwa na mngurumo.

Pili, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Baada ya muda kitazame. Kijiti kikiwa kimezama, maji yanapanda. Yarudi nyuma zaidi. Kijiti kikiwa mahali pakavu, maji yanapungua. Lakini usiharakishe, kwa maana vijito vya juu haviji pamoja, na baada ya maji ya kwanza huenda yakaja ya pili. Ngoja mpaka uone njia yenyewe, pande zake zote mbili.

Tatu, maji yakiisha, mtu mmoja apite kwanza kwa miguu na kuupima mchanga kwa fimbo. Mchanga uliolowa huwa mlaini sana, na gurudumu likizama katikati ya mto, safari imekuwa hatari tena.

Nne, usivuke kwa sababu mwingine amevuka. Lori lililotangulia ni refu kuliko motakaa yako, tena maji yaweza kuongezeka katika dakika tano. Wala usimpe fedha kijana ajitoleaye kukubeba begani au kukuongoza. Yeye naye hana miguu ya chuma.

Tano, mkiwa mnangoja na radi inanguruma, msikae chini ya mgunga au mkwaju uliosimama peke yake, maana radi hupenda kupiga kilicho kirefu. Ingieni ndani ya basi au motakaa yenye paa la chuma, mfunge madirisha. Kinachowalinda ni chuma kilichowazunguka, si mpira wa magurudumu. Kaeni humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna mito ambayo haiishi kwa saa chache. Mto Tana na mto Ewaso Ng'iro hupata maji yake katika mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na ikifurika yaweza kukaa siku nyingi. Mahali kama hapo si pa kungoja. Ni pa kurudi, au kutafuta njia yenye daraja.

Neno kwa Abiria

Mara nyingi dereva huingia majini si kwa sababu haoni hatari, bali kwa sababu abiria wanapiga kelele. Mmoja asema atachelewa arusini, wa pili asema mizigo yake itaoza, wa tatu amwita dereva mwoga. Yafaa abiria wabadili desturi hii. Mzee aliye ndani ya basi na aseme kwa sauti, "Mwanangu, simama, sisi tutangoja." Neno hilo moja humpa dereva ruhusa ya kuwa na busara bila kuaibika. Na ikiwa dereva hasikii, shuka. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Maji Yakikukuta

Motakaa ikizimika ndani ya maji, usikae kuiwasha tena na tena. Fungua mikanda na madirisha mara moja, kabla maji hayajaibana milango. Kama maji bado ni machache na ukingo u karibu, toka uende juu. Kama ni mengi na yanakwenda mbio, panda juu ya paa na ungoje msaada.

Aliyechukuliwa na maji asishindane nayo kwa kusimama, maana mguu waweza kunaswa kati ya mawe. Na alale chali, miguu ikitangulia kule maji yaendako, akisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.

Nawe uliye ukingoni, usijitupe ndani kumfuata. Wengi wamekufa kwa njia hiyo, na badala ya msiba mmoja ikawa miwili. Tupa kamba, au jerikeni tupu lililofungwa kifuniko na kutiwa kamba. Litaelea na kumshikilia.

Kabla ya Safari

Katika miezi ya mvua, sikilizeni habari za hali ya hewa katika redio kabla ya kuondoka, na waulizeni wanaotoka kule mwendako. Chukueni maji ya kunywa, chakula kidogo, blanketi na tochi, ili kungoja kusiwe adhabu. Wala msivuke mto usiku, kwa maana taa ya motakaa huonyesha uso wa maji tu, si kina chake.

Hakuna arusi, wala matanga, wala siku ya soko isiyoweza kumngoja mtu kwa saa chache. Wahenga walisema, "Kawia ufike." Atakayekufikia amechelewa, nguo zake zina matope na njaa inamwuma, mpokee kwa furaha wala usimwulize kwa nini amekawia. Amefika.