DAWA YA USINGIZI NA MAUMIVU YASIYOKWISHA

Ndugu mtumishi, nawe mama wa nyumba, jiwe likimponda mtu mguu shimoni huko Misisi, anabebwa kwa barabara ya Fizi na Baraka, ziwa likiwa mkono wa kuume, mpaka Uvira. Muganga akitaka kumpasua, mara nyingi dawa anayoshika ni ketamini. Inafaa mahali pasipo mashine kubwa, maana kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na mwaka 1985 Shirika la Afya la Ulimwengu liliitia katika orodha ya dawa za lazima.

Lakini dawa hiyo ina kazi nyingine. Kidonda kimepona, ngozi imefunga, na mtu bado analia usiku. Mwingine alikatwa mguu, naye anasema vidole vyake vinaungua, vidole ambavyo havipo tena! Usimcheke, wala usiseme anakimbia kazi. Mishipa ya fahamu imezoea kupeleka habari ya maumivu, na uti wa mgongo umekuwa kama mlinzi aliyeshtuka: hata shuka ikigusa ngozi, anapiga kengele. Ketamini inafunga mlango mmoja ambamo habari hiyo inapita. Ndiyo sababu waganga wengine wanaitoa kidogo kidogo katika serumu, kwa saa kadhaa, kwa kipimo kilicho chini ya kile cha kulalisha.

Je, inaponya kabisa? Hapana. Mwaka 2018 vyama vya waganga wa Marekani vilitoa mwongozo: kwa maumivu makali yanayobaki katika mkono au mguu ulioumia, inaweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa. Kwa mgongo uliochoshwa na mizigo hawakuona ushahidi wa kutosha. Basi mwenye mgongo asidai sindano hiyo. Afadhali atembee, anyooshe viungo, na aombe mwenzake washike gunia pamoja.

Sasa sikiliza vizuri. Kichupa cha mililita 10 mara nyingi kina miligramu 500. Mtu wa kilo 60 analazwa kwa miligramu 60 mpaka 120 tu zikitiwa mshipani. Anayekuuzia kichupa hicho sokoni anakuuzia usingizi wa watu wanne au zaidi. Tena dawa hii inapandisha damu, na anayeizoea kwa muda mrefu huharibika kibofu na ini: anakojoa kila mara, kwa uchungu, pengine na damu.

Mgonjwa akiamka anaweza kusema maneno ya ajabu au kuona watu wasiokuwako. Si pepo, wala hakurogwa. Mama, kaa karibu naye, punguza kelele, sema naye polepole. Kwa kawaida yanapita baada ya muda mfupi.

Kabla ya kutundikiwa serumu, mwambie muganga kama una ugonjwa wa damu kupanda, wa moyo, wa ini au wa akili, kama unakunywa pombe, na kama bibi ana mimba.