Mono, Kiranja na Zamu ya Kulipiza

Uonevu shuleni, kwa maana iliyoenea miongoni mwa wataalamu tangu utafiti ulioanzishwa na mwanasaikolojia Dan Olweus katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, ni madhara anayotendewa mtoto kwa makusudi, tena na tena, na mwenzake anayemzidi nguvu, ziwe za mwili, za umri au za wingi wa wafuasi. Ugomvi wa siku moja kati ya wanafunzi wanaotoshana hauhesabiwi. Katika shule za bweni za Kitui na Makueni, kama kwingineko nchini Kenya, tofauti hiyo ya nguvu huwa imekwisha kupangwa kabla mgeni hajafika: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aitwaye mono au njuka, anaweza kuwakuta wakubwa wanaomfulisha nguo zao na kumpokonya sabuni aliyofungiwa na mzazi, na katika nyanda hizi kame, ambako maji ni adimu, kuporwa ndoo ya maji ya kuoga si dhara dogo.

Tatizo lenyewe si geni. Uchunguzi wa afya ya wanafunzi uliofanywa Kenya mwaka 2003 chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani ulikuta kwamba asilimia 57 ya waliohojiwa walikuwa wameonewa walau mara moja ndani ya siku 30 zilizotangulia.

Lililo muhimu zaidi kwa afya ya akili ni lile afanyalo mtoto baada ya kuonewa. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walitofautisha njia mbili za kukabiliana na msongo: ile ya kulishughulikia tatizo lenyewe, kwa mfano kumshtaki mwonevu kwa mwalimu, na ile ya kutuliza hisia zinazotokana nalo, kwa sala, kwa michezo, au kwa kujitenga na kunyamaza. Njia ya kwanza husifiwa sana vitabuni, lakini bwenini ina gharama yake, kwa sababu aliyeshtaki mchana hurudi usiku kulala chumba kimoja na aliyemshtaki, na pengine kiranja aliyekabidhiwa ulinzi wa chumba hicho ndiye mwonevu mwenyewe. Si ajabu, basi, kwamba wengi huvumilia, na uvumilivu wao huhesabiwa na watu wazima kuwa ndio ukomavu.

Iko pia njia ya tatu, nayo haizungumzwi sana: kungoja zamu. Mono huvumilia akijua kwamba mwakani atakuwa mkubwa, na uchungu wake huupeleka kwa wageni watakaofuata, hivyo mila hujirithisha bila kufundishwa na mtu. Njia hii humpa mtoto matumaini ya aina fulani, lakini tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wale walioonewa na wakaonea wengine ndio walio hatarini zaidi kuliko walioonewa tu, kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka na inayomnyima mtu usingizi na hamu ya mambo, kwa wasiwasi uliokithiri, na kwa mawazo ya kujiua. Hapa sheria yenyewe ilichelewa: hadi Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, jambo lililomfanya mgonjwa awe pia mshukiwa.

Makueni, hata hivyo, imepata uzoefu usiopatikana katika kaunti nyingi. Wakfu wa utafiti wa afya ya akili ulioanzishwa na Profesa David Ndetei umewafunza huko wauguzi, wahudumu wa afya vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuitambua sonona na kuwaelekeza wagonjwa zahanati, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikiwa wahudumu wasio madaktari wa akili. Mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya mabweni, lakini faida yake kwayo iko wazi: mhudumu wa namna hiyo hamtegemei kiranja, hasahihishi mitihani ya mtoto, na anaweza kumsikiliza mono bila taarifa yake kupitia mikononi mwa wanaomwonea. Mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye kwa kawaida hufundisha vipindi vyake vyote na kutoa ushauri katika muda uliobaki, hana uhuru huo.