Gemu za video: wawili kwa televisheni moja, au kila mtu kwa mtandao?

Ukipita Magogoni jioni utasikia vijana wakishangilia goli, na uwanjani hakuna mpira. Wako kwenye banda la gemu. Wazazi wananung'unika kwamba pesa zinaishia huko, na vikundi vya vijana navyo vinataka kutia akiba yao katika biashara hiyo hiyo. Wengine husema banda la nini, siku hizi si kila mtu anacheza kwa mtandao? Wacha tupige hesabu kwanza.

Tuseme kikundi kina shilingi 40,000. PlayStation 4 iliyotumika, shilingi 24,000. Televisheni 11,000, pedi ya pili 3,000, diski ya mpira 2,000. Basi zimekwisha. Lakini mashine hiyo moja inatosha mtaa mzima. Kwa shilingi 20 kila mechi ya dakika kumi, mechi 30 kwa siku ni shilingi 600. Mashine na televisheni pamoja hula kama wati 200, yaani yuniti moja ya stima kwa saa tano, karibu shilingi 30. Kijana wa kusimamia apewe 200. Zinabaki 370, na kwa siku 26 ni 9,620. Ukitoa kodi ya chumba 3,000, pesa za kikundi zitarudi kwa miezi sita hivi, kama pedi hazikuharibika. Na huharibika.

Sasa vijana wawili hao hao wacheze kwa mtandao. Kila mmoja anahitaji mashine yake, televisheni yake na gemu yake mwenyewe. Hapo peke yake gharama imekuwa karibu mara mbili. Tena katika PlayStation 4 na 5, gemu nyingi za kununua hazikubali kuchezwa na watu wa mbali mpaka ulipe ada ya PlayStation Plus. Mnamo Septemba 2023 ada ya chini ya mwaka mzima ilipandishwa Marekani hadi dola 79.99. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa kila mchezaji. Gemu chache za bure, kama Fortnite na eFootball, hazidai ada hiyo. Bado kuna intaneti. Mechi yenyewe haili data nyingi, linalomaliza bando ni kupakua gemu na marekebisho yake, ambayo hufika makumi ya gigabaiti.

Liko na jambo ambalo pesa haiondoi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, kwa hivyo sisi tuko mlangoni pa intaneti. Lakini kompyuta zinazoendesha mechi mara nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini. Unabonyeza pedi, habari inasafiri maelfu ya kilomita na kurudi. Ni sehemu ndogo ya sekunde tu, lakini golikipa ameshapitwa. Kununua intaneti ya kasi zaidi hakufupishi safari hiyo. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Waliokuwa wawili mbele ya televisheni moja hawakujua kitu.

Simu je? Free Fire na PUBG Mobile hazina ada ya mwezi, na ndiyo maana watoto wanazipenda. Pesa hutoka kidogo kidogo: bando la leo, kesho nguo ya mchezaji au silaha. Mzazi haoni, manake hakuna siku iliyotoka elfu moja kwa mpigo. Afadhali wajue kwamba ziko gemu, kama Mini Militia, ambazo simu kadhaa zilizo karibu huungana kwa hotspoti ya mmoja wao, bila kula bando.

Hatusemi mtandao haufai. Mwenye ndugu yake Doha hana njia nyingine ya kucheza naye, na anayetaka kupimana na mabingwa wa nje hatawapata Kisauni. Lakini kwa kikundi chenye akiba ndogo, sisi tungeanza na televisheni moja.

Kabla ya kununua, mwenye banda achukue leseni ya biashara ya kaunti. Mlango ukae wazi upande wa barabara, manake sifa ya Kisauni kuhusu makundi ya mapanga inawafanya wazazi waogope chumba chochote chenye pazia. Wanafunzi wasiingie saa za shule wala za madrasa. Kuwekeana pesa juu ya mechi kukatazwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu kukishazoeleka, wateja wa shilingi 20 watakimbia na ugomvi ndio utakaobaki. Na pedi zijaribiwe moja moja dukani kabla ya kulipa, hasa vile vijiti viwili vya kuzungusha: ukikiachilia na mchezaji akaendelea kutembea peke yake, hiyo imekwisha.