DUKA LA MUZIKI LIMEKUFA: NANI ANAMILIKI NJIA YA SAUTI?

Utangulizi

Katika vituo vya biashara vya Mkoa wa Songwe, toka Ruanda hadi Tunduma mpakani, duka la muziki limetoweka. Kibanda kilichokuwa kikiuza kanda, baadaye CD, na baadaye kikajaza nyimbo katika simu za watu kwa malipo madogo, leo kinauza vocha, chaja na makava ya simu, au kimegeuka kuwa wakala wa fedha.

Wako wanaosema kwamba hayo ni maendeleo na hakuna la kujadili. Wako pia wanaoilaumu intaneti kana kwamba ndiyo adui. Maelezo yote mawili hayatoshi. Wa kwanza wanasahau kuuliza ni maendeleo ya nani. Wa pili wanalaumu chombo, wakamwacha mwenye chombo. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba duka la muziki limekufa kwa sababu njia ya kuisafirisha sauti kutoka kwa mwimbaji hadi kwa msikilizaji haikuwa yetu tangu mwanzo. Duka lilikuwa kipande kidogo tu cha njia hiyo kilichobaki mikononi mwa wananchi. Sasa hata kipande hicho kimeondoka.

Duka lilikuwa na kazi gani?

Kada asilitazame duka la muziki kama mahali pa starehe tu. Lilikuwa na kazi tatu.

Kwanza, lilibakiza fedha mahali. Mkulima wa kahawa wa Mbozi alipouza mavuno yake akanunua kanda, sehemu ya fedha hiyo ilibaki kwa mwenye duka, ikalipa kodi ya chumba, ikalisha familia, ikazunguka tena sokoni.

Pili, lilikuwa ghala la kumbukumbu. Nyimbo za Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali hazikupata nafasi kubwa redioni. Zilikaa katika rafu za vibanda, pamoja na kanda za kwaya za makanisa, hasa za Wamoraviani ambao wamekuwapo Mbozi tangu mwaka 1899.

Tatu, lilikuwa daraja kati ya msanii na jirani zake. Kwaya iliweza kuacha kanda chache dukani, ikarudi baada ya wiki mbili kuchukua fedha yake. Mwenye duka aliwajua wateja wake, nao walimjua.

Historia kwa ufupi

Ili kuyaelewa ya leo, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya Kiingereza, chini ya alama ya HMV. Tuutazame mpangilio huo. Sauti ni ya Zanzibar, mashine iko India, mwenye mali yuko Uingereza. Kilichoachwa huku ni kazi mbili: kuimba na kununua. Mpangilio huo ndio mbegu ya yote yaliyofuata.

Baada ya uhuru yalifanyika mabadiliko makubwa. Bendi nyingi ziliundwa chini ya vyama na mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mwanamuziki akapata mshahara na vyombo. Radio Tanzania Dar es Salaam ikarekodi muziki wa nchi nzima, na hazina hiyo, ambayo sasa iko chini ya TBC, ni miongoni mwa hazina kubwa za muziki katika Afrika.

Lakini pengo moja halikuzibwa. Nchi yetu haikupata kuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kinachofanya kazi. Santuri za Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, zilitolewa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, njia hiyo ikabanwa. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia ilikuwa na kiwanda chake Ndola. Sisi tulikuwa na waimbaji na mitambo ya kurekodi, lakini kiungo cha kati, yaani kuzidisha nakala na kuzisambaza, kilikuwa mikononi mwa wengine.

Kanda ikaja kuvunja ukiritimba huo. Kanda ndogo iliyobuniwa na Philips mwaka 1963 haikuhitaji kiwanda. Kibanda chenye redio mbili za kanda kiliweza kuzidisha wimbo usiku kucha. Kuanzia miaka ya 1980 vibanda hivyo vilienea nchi nzima. Huo ulikuwa ushindi wa mnyonge dhidi ya kiwanda, lakini ushindi huo ulikuwa na mgongano ndani yake, kwa sababu wengi waliozidisha kanda hawakumlipa aliyeimba.

Hapa tuseme ukweli bila kuficha. Duka la muziki halikuwa malaika. Mara nyingi lilikula jasho la msanii kama walivyolila matajiri wa santuri. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini haikuwa na meno. Sheria Namba 7 ya 1999 ndiyo iliyounda Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye CD ili kuitenganisha nakala halali na ya wizi. Stempu ilikuja wakati CD yenyewe imeshaanza kuzeeka. Vijana walikuwa tayari wanajaza nyimbo mia katika memori kadi moja, na stempu haibandikwi juu ya wimbo usio na umbo.

Duka jipya liko ndani ya simu

Kibanda cha kujaza nyimbo kilikuwa hatua ya mwisho ya duka la zamani. Kilichokiua ni simu yenyewe kugeuka duka.

Tuchukue Boomplay, iliyoanza mwaka 2015. Chimbuko lake ni kampuni ya Kichina ya Transsion, watengenezaji wa simu za Tecno, Itel na Infinix, na programu hiyo iliwekwa ndani ya simu nyingi za Tecno kabla hazijafika sokoni. Maana yake ni kwamba kijana anaponunua simu Tunduma, amenunua na duka la muziki pamoja nayo, wala hakulichagua. Mwenye kibanda hawezi kushindana na duka lililomo mfukoni mwa mteja, lisilolipa pango, lisilofungwa usiku.

Mdundo, iliyoanzia Kenya na kutoa nyimbo bure kwa nguvu ya matangazo ya biashara, iliandikishwa mwaka 2020 katika soko la hisa la Copenhagen. Spotify ya Sweden iliingia Tanzania mwaka 2021. Tuulinganishe mpangilio huu na ule wa 1928. Bombay imeondoka; zimekuja Shenzhen, Copenhagen na Stockholm. Kazi tulizoachiwa bado ni mbili: kuimba na kununua. Tofauti ni kwamba mwaka 1928 walau aliyeuza santuri alikuwa na duka mtaani kwetu.

Malipo nayo yanahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi hawayajui. Katika mitandao hii msikilizaji halipi wimbo mmoja mmoja. Fedha ya ada na matangazo hutiwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kadiri nyimbo zilivyosikilizwa. Tena, tangu mwaka 2024, Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi fungu lake katika chungu hicho. YouTube nayo, ili kumpa mtu sehemu kamili ya fedha ya matangazo, humdai kwa kawaida wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kwaya ya Ruanda inaimba kwa Kinyiha. Wimbo wake mmoja unasikilizwa mara 900 kwa mwaka, na wanaousikiliza ni karibu wote wanaojua lugha hiyo na wenye simu nzuri. Zamani kwaya hiyo ingeuza kanda mia moja au mia mbili, ikapata nauli ya kwenda kuimba Vwawa. Leo, katika mtandao wenye sharti hilo, itapata sifuri. Wala haikuibiwa, ni kanuni ndiyo iliyosema hivyo. Kanuni iliyotungwa mbali imeamua kwamba lugha yenye wasemaji wachache haina thamani ya kulipwa. Hilo ndilo jambo zito katika suala hili, kuliko hata kufungwa kwa vibanda.

Mbona Ulaya nako maduka yamekufa?

Swali hili huulizwa, na ni zuri. Ni kweli. Maduka ya HMV ya Uingereza, ambayo jina lake ndilo lile lililokuwa juu ya santuri za Siti, yaliwekwa chini ya wafilisi mwaka 2013 na tena mwishoni mwa 2018. Tower Records ya Marekani iliyafunga maduka yake nchini humo mwaka 2006.

Lakini tofauti ni kubwa. Huko maduka yalipoanguka, makampuni ya kurekodi yalibaki na hati za umilikaji wa nyimbo. Mitandao ilipokuja ililazimika kuja kwao kuomba ruhusa na kulipa. Kwetu duka lilipoanguka, mara nyingi nyuma yake hapakuwa na hati yoyote: haikuandikwa nani katunga, nani kapiga gitaa, wala lini. Aliyepoteza duka akiwa na hati amepoteza mlango, nyumba imebaki. Aliyepoteza duka bila hati hana mlango wala nyumba.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutaka kurudisha kanda kwa nguvu. Chombo kipya hakirudishwi ghalani kwa maombolezo, na wananchi wamekipokea kwa sababu kina faida: mtu wa Ruanda leo husikia wimbo siku ile ile unapotolewa Dar es Salaam.

Kosa la pili ni kushangilia kwa kutazama wachache. Ni kweli kwamba Diamond Platnumz na wenzake hutazamwa mara mamilioni na kulipwa. Lakini mafanikio ya nyota hayaonyeshi hali ya wengi, kama vile utajiri wa mnunuzi mmoja wa kahawa usivyoonyesha hali ya wakulima.

Nini kifanyike?

Mfano wa kahawa hatukuutaja bure. Mkulima wa Mbozi akisimama peke yake mbele ya mnunuzi hupewa bei ya mnunuzi. Ndiyo maana kuna vyama vya msingi vya ushirika. Ushirika nao una kasoro zake na wakulima wanazijua, lakini kanuni yake ni sahihi: wadogo wakikusanya mali yao pamoja hupata sauti mezani. Kwaya, ngoma na bendi za wilaya moja zaweza kujiunga, zikasajili nyimbo zao COSOTA, zikawa na daftari moja la watunzi na wapigaji, zikapeleka kazi zao mitandaoni kwa mkataba mmoja na kudai mirabaha kwa pamoja.

Vijana wa vibanda wasiachwe. Wanajua kurekodi, kusafisha sauti na kupakia nyimbo. Kibanda kilichokufa kama duka chaweza kuishi kama ofisi ya ushirika huo.

Kanda za zamani zilizomo majumbani zikusanywe na kunakiliwa mapema. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na wimbo ambao nakala yake ya mwisho imeoza hakuna mtandao utakaourudisha.

Mwisho, dola ina nafasi yake. Tangu Julai 2022 watoa huduma za mtandaoni walio nje ya nchi hutozwa kodi ya asilimia 2 ya mapato wanayoyapata hapa. Huo ni mwanzo. Yafaa sasa tujadili ni kiasi gani cha fedha ya namna hiyo kirudi kuhifadhi na kukuza muziki, hasa ule ambao soko peke yake limeshaamua kutoulipa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kumiliki chombo cha kusikilizia na kumiliki njia ya kusambazia?
2. Mwenye kibanda cha kanda alikuwa mnyonyaji, mnyonywaji, au vyote viwili? Toeni sababu.
3. Taja nyimbo tano za eneo lako ambazo hazimo redioni wala mtandaoni. Nani anazo, na zimesajiliwa wapi?
4. Ushirika wa wasanii wa wilaya yenu ungeanzaje, na ni kasoro zipi za ushirika wa mazao ungepaswa kuziepuka?