Kuheshimu na Kutii: Amri ya Wazazi katika Mafundisho ya Kikristo Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Makala haya yanahusu amri moja ambayo, katika eneo linaloelezwa hapa, ina namba mbili. Mtoto wa Kikatoliki wa Litembo au Kigonsera hufundishwa kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama ni ya nne. Mtoto wa Kianglikana wa Liuli, anayeamka na kuliona ziwa, hufundishwa kwamba ni ya tano. Wote wawili wako sahihi. Kanisa Katoliki hufuata mpangilio wa Mtakatifu Augustino, unaoliunganisha katazo la miungu mingine na katazo la sanamu kuwa amri moja, kisha kuigawa amri ya kutamani kuwa mbili. Waanglikana hulihesabu katazo la sanamu peke yake, na kwa hiyo amri zinazofuata husogea hatua moja. Wilaya ya Nyasa ilitengwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini watu wa milimani na wa ziwani wameendelea kuoana, kuuziana dagaa na maharage, na kuzikana. Mtoto mwenye wajomba ziwani na baba milimani aweza kutoa jibu lile lile mahali pawili, akapongezwa pamoja na kukosolewa pengine.

Tofauti ya namba ni jambo dogo. Imetajwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, ilhali tatizo ambalo makala haya yanalichunguza halionekani kwa urahisi, nalo ni la pande zote mbili. Katika mafundisho ya watoto, amri ya kuheshimu imegeuka kuwa amri ya kutii. Mwandishi, aliyelelewa upande wa milimani, anakumbuka jinsi katekista alivyouliza amri ya nne inatuagiza nini, na darasa zima likajibu kwa sauti moja: kuwatii wazazi. Jibu lilikubaliwa. Watu wazima waliokuwa wameketi kwenye mabenchi ya nyuma, ambao wengi wao wazazi wao walikuwa hai bado, hawakuulizwa lolote.

Vitenzi viwili

Katika Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5, kitenzi kilichotumika si kutii. Neno la Kiebrania la asili linatokana na mzizi wenye maana ya uzito, hivyo kumheshimu mzazi ni kumpa uzito, kutomchukulia kuwa mwepesi. Aidha, waliopewa amri zile ni watu wazima: wenye ng'ombe, watumishi, mashamba ya kugombania na wake wa jirani wa kutamaniwa. Ni vigumu kuamini kwamba katikati ya orodha hiyo sauti iligeuka ghafla ikawaelekea watoto wa miaka saba. Mzazi anayekusudiwa kwanza ni yule aliyezeeka, asiyeweza tena kulima, ambaye chakula chake kinatoka mkononi mwa mwanawe.

Kutii kunatoka kwa Mtume Paulo. Katika Waefeso 6 anawaambia watoto wawatii wazazi wao katika Bwana, kisha anaitaja amri ya kale kuwa msingi wa agizo hilo. Hapo ndipo vitenzi hivi viwili vilipokutana, na katekesi ya watoto imevifunga pamoja tangu hapo. Hata hivyo Paulo hakuishia hapo. Aya ya nne ya sura hiyo inawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao, na Wakolosai 3:21 inaongeza sababu, kwamba watoto wasije wakakata tamaa. Aya hizi mbili hazina namba katika orodha ya amri, wala hazikaririwi na darasa kwa sauti moja.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe inaweza kutusaidia. Kuheshimu kunakubali mnyambuliko wa kutendana bila shida, na kuheshimiana ni neno la kila siku, la nyumbani na la mkutano wa kijiji. Kutii hakukubali hivyo. Kutiiana ni umbo ambalo kanuni za lugha zinaliruhusu lakini masikio yanalikataa. Mtumiaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa, kwamba heshima huenda na kurudi, na utii huelekea upande mmoja tu. Amri ikifundishwa kwa kitenzi kisichorudi, kile anachodaiwa mzazi hakipati neno la kukaa.

Utii una mahali pake

Haitakuwa haki kuuzungumzia utii kana kwamba ni urithi wa wamisionari tu. Ziwani, mtoto anayetolewa kuvua kwa mtumbwi hujifunza kutii kabla ya kujifunza kuuliza. Mwera ukianza kuvuma, mzee akisema tunarudi, hakuna nafasi ya mjadala. Milimani, kilimo cha ngoro kinafundishwa kwa namna hiyo hiyo. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima uwe na miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba hufukuliwa na kuzifunika nyasi, na mashimo yanayobaki huzuia mvua isiporomoshe ardhi. Mtoto aliyelaza nyasi vibaya huambiwa arudie. Hupata maelezo baadaye, mvua yenyewe inapokuja. Utii wa namna hii ni sehemu ya kujifunza kazi, na unakoma pale mwanafunzi anapokuwa fundi.

Wamatengo walikuwa pia na sengu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Japani, waliieleza taasisi hii katika kazi zao za kuanzia miaka ya 1990 kuhusu milima ya Mbinga. Wanaume na wavulana wa ukoo mmoja walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula wazee walifundisha, walionya na kusuluhisha magomvi ya ndani ya ukoo. Wasichana walifunzwa na mama na bibi zao jikoni. Jambo moja la sengu linastahili kukaziwa hapa. Baba hakuwa mwisho wa mamlaka. Aliketi pale mbele ya baba yake, baba zake wakubwa na wadogo, naye akasikiliza. Mtoto alimwona mtu anayemtii akiwa naye anamheshimu mtu mwingine, na lilipotokea jambo kati ya baba na mwana, palikuwa na mahali pa kulipeleka.

Sengu imefifia. Sababu zake ni nyingi na si kazi ya makala haya kuzipima: kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, mapato ya kahawa yanayoingia mfuko wa nyumba moja moja, shule, na safari za vijana kwenda mijini. Kinachotuhusu ni kwamba fundisho la utii limebaki, ilhali baraza lililokuwa likiusikiliza utii huo limeondoka.

Wamisionari na watoto wasiotii

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Jimbo Katoliki la Mbinga lilizaliwa kutokana na kazi hiyo mwaka 1986. Upande wa ziwa, Misheni ya Vyuo Vikuu ilifanya kazi tangu miaka ya 1880 kutoka kisiwa cha Likoma. Aliyekumbukwa ni Shemasi Mkuu William Percival Johnson, aliyezunguka vijiji vya mwambao kwa miaka zaidi ya arobaini na kufia Liuli mwaka 1928, ambako kaburi lake lipo.

Katekisimu ya Kianglikana waliyoileta iliuweka wajibu kwa baba na mama katika sentensi moja ndefu pamoja na wajibu kwa mfalme, watawala, walimu, wachungaji na mabwana. Katekisimu za Kikatoliki zilikuwa na upanuzi unaofanana na huo. Katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, upanuzi huo haukuwa jambo la kiroho tu. Mzazi alikuwa daraja la kwanza la ngazi ambayo juu yake alikaa mwenye bunduki na daftari la kodi.

Na bado, Kanisa hilo hilo lilianza kwa kutotii. Kijana wa kizazi cha kwanza aliyekataa kushiriki tambiko la ukoo, au aliyeingia ukatekumeni wakati wazee hawajaridhia, alikuwa amevunja amri ile ile aliyokuwa akiikariri, au angalau hivyo ndivyo wazee wake walivyoona. Walimu wake walimwambia kwamba Mungu atangulie. Kwa hiyo fundisho kwamba utii kwa wazazi una mpaka ni la zamani sawasawa na Ukristo wenyewe katika eneo hili. Linasahaulika kirahisi kwa sababu wajukuu wa vijana wale ndio wazee wa kanisa wa leo.

Mpaka unapoguswa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inausema mpaka huo waziwazi. Namba 2217 inaeleza kuwa mtoto hutii maadamu yumo nyumbani mwa wazazi. Utii hukoma anapojitegemea, heshima haikomi. Na mtoto anayesadiki katika dhamiri kwamba agizo fulani ni ovu hapaswi kulitekeleza. Namba 2230 inawataka wazazi wasiwashurutishe watoto katika kuchagua kazi au mwenzi. Hizi ni namba ambazo mwandishi hakuzisikia darasani.

Mfano mwepesi ni kahawa. Mavuno huanza karibu na Juni na kuendelea baada ya shule kufunguliwa Julai. Mtoto anayeambiwa abaki shambani siku mbili tatu hatendewi unyama, na kahawa hiyo ndiyo inayonunua sare yake. Lakini siku mbili huweza kuwa wiki tatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 12, inakataza kumshughulisha mtoto katika kazi inayodhuru afya au elimu yake. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 15, inampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wazee, na kuwasaidia wanapohitaji. Wapinzani wa lugha ya haki za mtoto mara nyingi hukisahau kifungu hiki, na watetezi wake pia.

Mfano mzito ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kifungu cha 17 kilitaka ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Kinachostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa theolojia ni wapi ridhaa iliwekwa: mkononi mwa baba. Msichana alibakiwa na kutii.

Sheria ya Kanisa yenyewe inatazama kinyume. Kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa mwaka 1983 inasema ridhaa ya wanaooana haiwezi kutolewa na mtu mwingine yeyote kwa niaba yao, na kanuni ya 1103 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa. Mahakama za Kanisa huitambua pia hofu ya kicho, yaani hofu ya mtoto asiyetishwa kwa fimbo ila anaogopa kumuudhi mzazi anayemheshimu. Kwa maneno mengine, msichana aliyesema ndiyo altareni kwa sababu tu alishika vizuri somo la amri ya nne anaweza kuwa hajaolewa kabisa.

Nusu inayobaki

Upande wa pili wa amri ni wazee. Marko 7 inasimulia jinsi Yesu alivyoitumia amri hii dhidi ya watu wazima waliotangaza mali yao kuwa korbani, sadaka kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao. Hapo amri ni ya chakula na dawa. Katekisimu, namba 2218, inasema vivyo hivyo kuhusu watoto waliokua. Katika parokia na mitaa yetu, majina ya waliochangia ujenzi husomwa kwa sauti, na ni vema yasomwe. Hakuna orodha ya waliompelekea mama yao mafuta ya taa. Wazazi wengi wa milimani wanabaki na wajukuu walioachiwa na watoto walio mijini, hivyo mjukuu anafundishwa kumtii bibi ambaye mwana wake mwenyewe hampi uzito wowote. Mtoto huyo anajifunza amri kwa macho zaidi kuliko kwa masikio.

Methali inayopendwa na makatekista, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa kawaida hutupiwa mtoto. Ikisomwa taratibu, anayelaumiwa ndani yake ni mfunzaji pia.

Mapendekezo ya makala haya ni mawili, nayo ni ya kawaida. La kwanza, Waefeso 6:4 ifundishwe katika somo lile lile na Waefeso 6:1, mbele ya wazazi, na hasa katika maandalizi ya ubatizo wa watoto, wakati ambapo wazazi na wasimamizi hulazimika kuhudhuria. La pili ni gumu zaidi. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zinazokusanya nyumba za jirani kila wiki, zina sura inayokaribiana na ya sengu kuliko taasisi nyingine yoyote iliyopo sasa. Ila katika sengu waliketi watu wa damu moja, na katika jumuiya wanaketi majirani, na baba wa Kimatengo hatakubali kwa urahisi kuonywa juu ya mwanawe na mtu asiye wa ukoo. Huenda ingefaa kuanza na jambo ambalo halimvunjii baba heshima: kuuliza katika jumuiya, kabla ya sala ya mwisho, ni mzee gani wa eneo lile ambaye hajatembelewa na watoto wake mwaka huu, na nani atawapigia simu.