Maharage, ulingo na kujiamini: tunachojifunza kwa mwanamieleka Bryan Danielson

Ukipita jioni kwenye kibanda umiza cha kijiji chochote chenye umeme au sola, huenda ukakuta vijana wamebanana kwenye mabenchi wanatazama mieleka ya Marekani. Hapo ndipo huzuka ubishi tunaousikia mara nyingi: je, mtu anaweza kuwa na nguvu za namna ile bila kula nyama? Wengine husema bila nyama mwili hausimami. Wengine hujibu kwamba ng'ombe mwenyewe anakula majani.

Ubishi huu unatuhusu. Katika kaya nyingi za vijijini nyama huonekana sikukuu au mgeni anapokuja. Kijana anayependa michezo anaweza kudhani kwamba sahani yake ya ugali na maharage imeshamfungia mlango. Ndiyo maana leo tunamweleza mtu mmoja aliyeyapitia hayo, Bryan Danielson, ambaye watazamaji wengi wanamfahamu kwa jina la Daniel Bryan. Tutaeleza safari yake, chakula chake, na mahali ambapo kujiamini kwake kuligonga ukuta.

Mieleka ile ni kweli au maigizo?

Tuanze na swali hili, kwa sababu bila jibu lake mengine hayaeleweki. Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, mshindi hupangwa kabla ya pambano. Kampuni ambayo leo inaitwa WWE ilikiri jambo hilo mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey mwaka 1989, ilipoeleza kwamba kazi yake ni burudani.

Lakini kupanga mshindi hakuzuii maumivu. Mtu anayerushwa kutoka kwenye kamba anatua kweli. Shingo, magoti na kichwa vinapokea kishindo kweli, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Kwa hiyo mwanamieleka ni mwigizaji na mwanariadha kwa pamoja, na mwili wake ndio jembe lake.

Kufukuzwa mara mbili

Danielson alizaliwa mwaka 1981 katika mji mdogo wa Aberdeen, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mwaka 1999, alipomaliza shule ya sekondari, alikwenda Texas kujifunza mieleka katika shule ya bingwa wa zamani Shawn Michaels. Hakuwa jitu. Katika mchezo uliozoea wanaume wa zaidi ya mita 1.90, yeye alikuwa mfupi na uzito wake haukufika kilo 100.

Kampuni kubwa ilimpa mkataba wa mafunzo mwaka 2000, ikamwacha mwaka 2001. Kwa miaka iliyofuata alipigana kwenye kumbi ndogo za Marekani, akaenda Japani na Uingereza, akijifunza mbinu za kila alipokwenda. Katika kampuni ndogo iitwayo Ring of Honor alishika ubingwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia 2005 hadi 2006. Hakuwa maarufu nje ya watu wa mchezo wenyewe, lakini ndani ya mchezo walimhesabu miongoni mwa mafundi bora.

Mwaka 2010 WWE ilimrudisha. Miezi michache baadaye, mwezi Juni, ikamfukuza kwa sababu ya tukio moja ulingoni lililoonekana kupita mipaka, alipomkaba mtangazaji kwa tai. Agosti mwaka huo huo alirudishwa tena.

Tunakaa kidogo hapa kwa sababu neno "kujiamini" siku hizi linatajwa kama dawa ya kila kitu. Katika maisha ya Danielson, kujiamini hakukuwa kujigamba. Kulikuwa kuendelea na mazoezi kwa miaka kumi wakati wenye uamuzi wanasema hatoshi. Mkulima anayepanda tena baada ya mvua kumwangusha msimu mmoja analijua jambo hili kuliko mhubiri yeyote wa mafanikio.

Sekunde 18

Desemba 2011 alishinda mkanda wa ubingwa wa dunia kutoka kwa Big Show, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa karibu kilo 200. Tarehe 1 Aprili 2012, kwenye onyesho kubwa la mwaka liitwalo WrestleMania, alipangiwa kuupoteza mkanda huo kwa sekunde 18 tu.

Kwa wengi hapo ndipo jina lingezikwa. Badala yake mashabiki walikasirika kwa niaba yake. Kuanzia usiku uliofuata walijaza kumbi kwa kelele za "Yes! Yes!", yaani "Ndiyo! Ndiyo!", wakinyoosha vidole juu kama alivyokuwa akifanya yeye. Kelele zile ziliendelea kwa takribani miaka miwili. Tarehe 6 Aprili 2014, mjini New Orleans, mbele ya watu zaidi ya 75,000 kwa hesabu ya waandaaji, alishinda mapambano mawili usiku mmoja na kuondoka na ubingwa mkuu wa kampuni.

Chakula chake

Mwaka 2009 Danielson aliacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama: nyama, samaki, mayai na maziwa. Sababu ilikuwa afya. Vipimo vilionyesha ini lake halikuwa sawa, na alikuwa akiugua mara kwa mara maambukizi ya ngozi yatokanayo na bakteria. Ule ubingwa wa Desemba 2011 aliushinda akiwa anakula mimea tupu.

Halafu, mwaka 2012, alitangaza kwamba ameacha kushika utaratibu huo kikamilifu. Mwili wake ulikuwa umeanza kuikataa soya, na akiwa safarini kila wiki ilikuwa vigumu kupata chakula cha mimea kisicho na soya. Tunaona hapa funzo muhimu. Hakubadilisha kwa aibu, wala hakung'ang'ania ili asichekwe. Aliusikiliza mwili wake mara ya kwanza, akausikiliza na mara ya pili.

Je, sahani yetu inatosha?

Misuli hujengwa na protini. Mtu mzima wa kawaida anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanamichezo anayefanya mazoezi makali anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2. Kijana wa kilo 70 anayecheza mpira au kunyanyua vyuma atahitaji basi angalau gramu 84.

Sasa tupige hesabu kwa vyakula vya nyumbani. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Gramu 100 za karanga zina takribani 25. Soya inafika karibu 35. Unga wa mahindi una kama 8. Kijana akila kwa siku nusu kilo ya unga, gramu 100 za maharage yaliyopimwa yakiwa makavu, na gramu 100 za karanga, anapata zaidi ya gramu 84. Amefika bila kipande cha nyama.

Kuna siri nyingine ambayo bibi zetu waliitumia bila kuwa na maabara. Protini ya mahindi pekee ina upungufu, na kile inachokosa kwa wingi kinapatikana kwenye jamii ya kunde: maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu. Ndiyo maana makande, yaani mahindi na maharage chungu kimoja, ni chakula kizuri kuliko wengi wanavyokipa heshima.

Yapo mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni vitamini B12. Hii hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina, labda chakula kiwe kimeongezewa kiwandani. Mwili una akiba inayoweza kudumu miaka, hivyo upungufu huja kimya kimya: uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni. Anayeacha kabisa vyakula vya wanyama ni lazima apate B12 ya vidonge au ya chakula kilichoongezewa. Ambaye hakuacha, ila nyama ni ya nadra, anaweza kuipata kwenye dagaa, mayai au maziwa.

La pili ni madini ya chuma. Mchicha na maharage vinayo, lakini mwili huyapokea kwa shida. Kula chungwa, pera au kamulia limau kwenye mboga, mwili utayapokea vizuri zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Ziache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula.

La tatu ni sumu kuvu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Kausha vizuri, hifadhi pakavu, na zile zenye ukungu zitupe, usimpe hata kuku.

La nne ni watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha. Hawa wasiondolewe maziwa, mayai au dagaa kwa sababu tu ya kumwiga mwanamichezo wa kwenye televisheni. Mahitaji yao ni makubwa na hasara yake kwa mtoto huweza kudumu. Kwanza zungumza na mhudumu wa afya.

Pale kujiamini kunapokuwa hatari

Mwezi Mei 2014, wiki chache baada ya ushindi wa New Orleans, Danielson alifanyiwa upasuaji wa shingo. Mwezi Juni akapokonywa mkanda kwa sababu hakuweza kupigana. Alirudi mwaka 2015, akaumia tena. Tarehe 8 Februari 2016, akiwa na miaka 34, alitangaza kustaafu.

Tatizo lilikuwa ubongo. Alieleza kwamba ndani ya miezi mitano ya kwanza ya kazi yake alikuwa tayari amepata mtikisiko wa ubongo mara tatu, na baada ya hapo iliendelea miaka yote. Aliwahi kupata hata degedege. Moyo ulimwambia bado anaweza, lakini kipimo kilionyesha ubongo wake haukuwa salama kama alivyodhani.

Hapa tunaomba wachezaji wa timu za vijiji, makocha wao na waendesha bodaboda watusikilize vizuri. Mtu aliyegongwa kichwa akapata kizunguzungu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa au kusahau kilichotokea, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa. Anaweza kuwa amepata mtikisiko wa ubongo bila kuzimia. Apumzike, arudi kwenye mazoezi taratibu baada ya dalili kwisha na mtaalamu kumruhusu. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akishindwa kuamshwa, au akitokwa na majimaji au damu masikioni au puani, mpelekeni hospitali mara moja. Kumwambia mchezaji "wewe ni mwanaume, ingia" ni kucheza na maisha ya mtoto wa mtu.

Kurudi, na siku ya Mghana

Danielson hakukubali kwamba ndiyo mwisho, ila safari hii hakupita dirishani. Alitafuta wataalamu wa ubongo mmoja baada ya mwingine, akapimwa na kupimwa tena. Machi 2018 madaktari walimruhusu kurudi ulingoni.

Mwishoni mwa mwaka huo akawa bingwa tena, safari hii akiigiza mtu mbaya anayewakemea mashabiki kwa kuharibu dunia. Aliukataa mkanda wa ngozi ya ng'ombe, akatengenezewa wa mbao na nyuzi za mmea. Mkanda ule aliupoteza tarehe 7 Aprili 2019 kwa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Kofi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 11, akawa bingwa mkuu wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Wengi wa mashabiki wa kwetu wanaikumbuka siku hiyo.

Mwaka 2021 Danielson alihamia kampuni nyingine, AEW, na Agosti 2024 alishinda ubingwa wake kwenye uwanja wa Wembley, London. Oktoba mwaka huo aliupoteza, na kwa hapo akahitimisha kazi yake ya ulingoni ya muda wote, akiwa na miaka 43.

Kwa hiyo kijana uliyetoka kwenye kibanda umiza ukikimbilia kufanya mazoezi nyuma ya nyumba, sahani yako ya makande haijakufungia mlango. Kula ushibe, changanya mahindi na kunde, ongeza mboga na tunda. Endelea hata wakikuacha nje ya kikosi. Na siku utakapogongwa kichwa, kaa chini, usione haya kusema kwamba umeumia. Mechi nyingine itakuja wiki ijayo.