Franz Eckert na Nyimbo Mbili za Taifa

Kimigayo, wimbo wa taifa wa Japani, huanza kwa ala zote kupiga sauti moja. Katikati sauti zinagawanyika, na mwishoni zinakutana tena. Aliyeupanga hivyo, mwaka 1880, ni mwanamuziki wa kijeshi kutoka Ujerumani, Franz Eckert.

Eckert alizaliwa mwaka 1852 huko Neurode, Silesia. Alipitia bendi za jeshi, na mwaka 1879 akaenda Japani kufundisha bendi ya jeshi la majini. Japani ya enzi ya Meiji ilikuwa mbioni kujifunza mambo ya Ulaya, na itifaki za kupokea wageni zilidai wimbo wa taifa. Uliokuwapo ulikuwa wa John William Fenton, mkuu wa bendi ya kikosi cha Uingereza, lakini lahani yake haikukaa vizuri na maneno ya Kijapani. Wanamuziki wa ikulu wakatunga mwingine kwa mahadhi ya gagaku, muziki wao wa kale. Eckert akapewa kazi ya kuufanya upigike na bendi ya matarumbeta.

Kazi hiyo ilikuwa na mtego. Kimigayo huanzia kwenye re na kuishia kwenye re, na lahani yake haifuati ngazi ya Kizungu. Anayeuvika sauti nne za kwaya tangu noti ya kwanza atapata wimbo wa kanisani wa Kijerumani. Eckert aliuacha mwanzo na mwisho bila sauti za kuusindikiza, akaweka za kwake katikati tu. Kwangu mimi, kujizuia huko ndiko ustadi wake mkubwa kuliko wote, maana aliisikiliza lahani ya wenyewe kabla ya kuigusa.

Alirudi kwao mwaka 1899, na miaka miwili baadaye akaitwa Seoul na serikali ya Mfalme Gojong wa Korea. Aliunda bendi ya kijeshi ya mtindo wa Ulaya, na mwaka huohuo wa 1901 ikapiga mbele ya mfalme katika sikukuu yake ya kuzaliwa. Mwaka 1902 ukatoka wimbo wa taifa wa Dola la Korea, kazi ya mkono wa Eckert. Bendi ilipiga hata hadharani, katika bustani ya Tapgol.

Halafu siasa ikaingia. Mwaka 1907 jeshi la Korea lilivunjwa, na mwaka 1910 Japani ikaitwaa nchi nzima. Wimbo wa 1902 ukapigwa marufuku, Wakorea wakalazimishwa kuimba Kimigayo. Muziki aliousaidia kuusimamisha Tokyo ukauzima ule alioutengeneza Seoul, naye akiwa hai, akiishi mjini humohumo.

Kumwita Eckert mtunzi wa Kimigayo si sahihi, kwani lahani ni ya Wajapani. Lakini kumwacha nje ya historia ya wimbo huo ni dhuluma. Sheria ya mwaka 1999 iliyourasimisha wimbo huo inamtaja mwanamuziki wa ikulu Hayashi Hiromori peke yake kuwa mtunzi. Eckert alifariki Seoul mwaka 1916, akazikwa katika makaburi ya wageni ya Yanghwajin.